Hazina Iko Potomac, Gati Liko Kusini

Miongoni mwa tijara zote zinazoendeshwa katika jiji la Washington na vitongoji vyake vya Virginia na Maryland, huenda hakuna inayoonekana ngeni kwa mahali pake kuliko tijara ya barafu. Maana mji huo, ambao wakati wa kiangazi hulemewa na joto zito la mto Potomac, ndio unaoamua kila mwaka ni ndege ngapi zitakazoruka kwenda Antaktika, ni meli ipi itakayopakia mafuta na maakuli, na bandari gani ya kusini itakayojipatia riziki kwa kuzihudumia.

Asili ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1838 merikebu sita za baharia Mmarekani Charles Wilkes zilitweka matanga Hampton Roads, Virginia, zikaambaa na ukingo mrefu wa Antaktika, na vielelezo vilivyokusanywa katika miaka minne ya msafara vikaletwa Washington, ambako hatimaye viliingia katika akiba ya Taasisi ya Smithsonian. Mwaka 1888 ikaundwa mjini humo jumuiya ya National Geographic, iliyowasaidia kwa fedha wapelelezi wa ncha za dunia Robert Peary na Richard Byrd. Na tarehe 1 Desemba 1959 mataifa 12 yakatia saini mumo humo Mkataba wa Antaktika, ambao serikali ya Marekani ndiyo iliyokabidhiwa amana ya hati zake.

Leo kazi hiyo imegawanyika kama kazi ya kampuni kubwa. Shirika la Taifa la Sayansi, lililohamia Alexandria mwaka 2017, ndilo lenye mfuko na dhamana ya vituo vya Marekani huko kusini. Zabuni ya kuviendesha, yenye thamani ya takriban dola bilioni 2 kwa muda unaozidi miaka 10, ilitolewa mwishoni mwa 2011 kwa Lockheed Martin ya Bethesda, na tangu 2016 imo mikononi mwa Leidos ya Reston. Huko Suitland, Maryland, wataalamu huchora ramani za barafu ambazo manahodha huzitegemea. Hivyo mhasibu, mwanasheria na mchora ramani hupata ujira wao wa ncha ya dunia bila kuvaa koti la manyoya.

Upande wa pili uko Lyttelton, bandari ya Christchurch katika New Zealand, ambako mpelelezi Scott alipitia mwaka 1901 na mwenzake Shackleton akang'oa nanga siku ya kwanza ya 1908. Wamarekani waliweka kambi yao Christchurch mwaka 1955, na tangu hapo ndege zao hukata kilomita 3,800 hivi kutoka mji huo hadi McMurdo, kituo ambacho majira ya joto hukusanya watu wapatao 1,000. Shehena ya mwaka mzima hufika kwa bahari mwezi wa Januari au Februari, baada ya meli ya kuvunja barafu kufungua njia. Na ng'ambo ya pili, Punta Arenas ya Chile huhudumia vyombo vya utafiti viendavyo kituo cha Palmer.

Msomaji wa pwani yetu hatayastaajabia haya, kwani Unguja ya karne ya 19 ilikuwa bandari ya namna hiyo hiyo: wapelelezi Burton, Speke na Stanley walinunua humo vitambaa, shanga na nyaya, wakaandika wapagazi, na matajiri kama Taria Topan wakakopesha misafara. Tofauti ni kwamba tajiri wa Unguja aliishi karibu na gati lake, ilhali tajiri wa barafu yuko nusu ya dunia mbali.

Na wapagazi? Matthew Henson, Mmarekani mweusi wa Maryland, alikuwa akihudumu katika duka la kofia mjini Washington Peary alipomwajiri mwaka 1887. Baada ya safari yao ya mwisho ya 1909, ya kuelekea Ncha ya Kaskazini, aliishia kuwa karani wa forodha New York, na heshima ya kuzikwa Arlington kando ya Peary ikamfikia mwaka 1988, miaka 33 baada ya kufa kwake.

Hatari ya kumtegemea mwenye mfuko aliye mbali ilidhihirika Oktoba 2013, serikali ya Marekani ilipofungwa siku 16 kwa kukosa bajeti: Shirika la Taifa la Sayansi lilitangaza kuviacha vituo chini ya walinzi wachache tu, msimu ukiwa ndiyo kwanza unafunguliwa, na ijapokuwa kazi ilirejea, baadhi ya safari za wataalamu zilifutwa. Mabishano yalikuwa ya wabunge wa Washington, wala hayakuhusu barafu hata kidogo, lakini hasara yake ingeweza kufika hadi kwa wenye ghala na hoteli za Christchurch. Mwaka 2020 maradhi ya Korona yakapunguza tena misafara.

Christchurch imejikinga kwa kuwapokea pia Waitalia na Wakorea, pamoja na kuhudumia kituo cha New Zealand yenyewe, Scott Base, kilichofunguliwa 1957. Bandari yoyote, iwe ya kusini ama ya pwani yetu, inayopewa mkataba na mgeni mmoja mwenye hazina kubwa, na itie saini kwa furaha. Ila isikawie kumtafuta mteja wa pili.