Kalamu Iliyosimamishwa: Kwa Nini Mgonjwa Asiache Dawa Ajapojiona Mzima

Wengi wetu hudhani kwamba jeni ni kama taa: ama imewashwa, ama imezimwa. Hakika ya jambo ni pana zaidi, na kuielewa kwaweza kuokoa maisha ya mtu wa nyumbani mwako.

Seli inapohitaji protini, kimeng'enya kiitwacho polimerasi huanza kunakili jeni kutoka katika DNA kwenda katika RNA, mfano wa katibu anakilipo kitabu. Lakini katika jeni nyingi katibu huyo huandika herufi 20 hadi 60 tu, kisha husimama. Hakufukuzwa wala hakumaliza. Kalamu ingali mkononi, naye angoja idhini.

Mwaka 1986, David Gilmour na John Lis wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliikuta polimerasi katika seli za nzi wa matunda imekwisha kukaa mwanzoni mwa jeni ya kujikinga na joto, kabla joto lenyewe halijafika. Hikima yake ni utayari: dhiki ikija, kazi huendelea papo hapo.

Wanaomzuia katibu ni protini za makundi mawili, DSIF na NELF. Mwenye idhini ni kundi la tatu, P-TEFb, ambalo huzitia alama za fosfeti. Hapo NELF huondoka, DSIF hugeuka kuwa msaidizi, na nakala huendelea. Hata P-TEFb nayo haikuachwa huru: sehemu yake kubwa hufungiwa na RNA ndogo iitwayo 7SK mpaka ihitajiwe.

Virusi vya UKIMWI navyo huhitaji idhini hiyo hiyo. Vikishajipenyeza katika DNA ya chembe nyeupe za damu, hutumia protini yao, Tat, kuivuta P-TEFb ije kuwafungulia njia. Chembe ikiwa imetulia na Tat ikakosekana, nakala hukatika mapema na virusi vipya havizaliwi. Lakini kulala si kufa. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba chembe zenye virusi vilivyolala zimo hata kwa wagonjwa ambao vipimo vya damu havikuona virusi.

Dawa za kufubaza huzuia virusi vinavyozaana. Hivyo vilivyolala haviondoi. Mgonjwa akiacha dawa, kwa kawaida virusi hurejea baada ya wiki chache. Watafiti wanajaribu kuviamsha ili viangamizwe, au kuvifungia moja kwa moja, lakini njia hizo bado si tiba ya kawaida hospitalini.

Basi, enyi wazazi na ndugu, msimwambie mgonjwa wenu, "Umekwisha kupona, pumzisha mwili." Kipimo kisichoona virusi ni ushahidi kwamba dawa yafanya kazi, wala si ruhusa ya kuiacha.