MAELEZO KWA WANANCHI KUHUSU JINO LA KUPANDIKIZA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa maelezo yafuatayo kuhusu jino la kupandikiza, ili kila anayekusudia kuwekewa ajue kinachotendeka ndani ya taya kabla hajatoa fedha zake na kabla mfupa wake haujatobolewa.

Jino la kupandikiza si jino la bandia la kuvaa na kuvua. Aghalabu lina sehemu tatu: msumari wa metali wenye hesi kama skurubu, unaopachikwa mfupani badala ya mzizi; kiungo kinachopita kwenye ufizi; na kichwa cha jino kinachoonekana kinywani.

Msingi wa elimu hii ulipatikana nchini Sweden. Katika miaka ya 1950, Per-Ingvar Brånemark alipachika vifaa vya titani katika mifupa ya sungura ili achunguze mwendo wa damu. Alipotaka kuvitoa, alikuta mfupa umevikamata. Mwaka 1965 alianza kuwatibu binadamu kwa njia hiyo.

Titani ilifaa kwa sababu, mara ikutanapo na hewa, huvikwa utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Utando huo hauyeyuki kwa urahisi katika majimaji ya mwili, na ukikwaruzwa hujijenga tena papo hapo. Hivyo metali hailiki, na chembe hai za mfupa huweza kujenga juu yake. Aidha, ukakamavu wa titani ni takriban nusu ya ule wa chuma kisichoshika kutu, jambo linalopunguza tofauti kati ya msumari na mfupa unaoubeba. Watengenezaji huukwaruza uso wa msumari kwa mchanga maalumu au tindikali, kwani mfupa hushika vyema penye mikwaruzo kuliko palipo laini.

Ifahamike kwamba siku ya kwanza msumari hushikwa kwa kubanwa tu, kama skurubu katika ubao. Damu huganda kuuzunguka, kisha mishipa midogo ya damu huota. Baadaye hufanyika kazi mbili kwa pamoja: chembe za aina moja huuondoa mfupa wa zamani uliojeruhiwa, na chembe za aina nyingine hujenga mpya. Uondoaji hutangulia, na mfupa mpya huanza ukiwa mchanga na dhaifu. Kwa sababu hiyo, katika wiki ya pili hadi ya nne hivi, msumari huweza kuwa na uthabiti mdogo kuliko siku ulipowekwa.

Hapo ndipo wagonjwa wengi hudanganyika. Wakati huo maumivu yamekwisha na ufizi umefunga; mtu hujiona amepona, akaanza kutafuna upande ule. Msumari ukitikisika kupita takriban milimita 0.15, mwili hujenga nyama ya nyuzinyuzi badala ya mfupa, na msumari hulegea. Ndiyo sababu, kwa utaratibu wa kawaida, mgonjwa husubiri miezi 3 hadi 6 kabla ya kuwekewa kichwa cha kudumu. Wapo wanaowekewa kichwa mapema baada ya daktari kupima uthabiti na kuridhika. Uamuzi huo ni wa daktari, wala haufai kushinikizwa na mgonjwa mwenye haraka.

Hata baada ya kushika, jino hili halilingani na la asili. Jino la asili limeshikizwa kwenye taya kwa nyuzi laini zinazopokea mshindo wa kutafuna, na nyuzi za ufizi zimejikita katika mzizi wake. Kwenye titani nyuzi za ufizi hupita kandokando tu, hivyo kinga dhidi ya bakteria ni hafifu zaidi. Ukoga ukiachwa, ufizi huvimba na mfupa huliwa taratibu, mara nyingi bila ya maumivu.

Kwa hiyo wananchi wanashauriwa yafuatayo:

(a) Jino la asili linaloweza kutibika litibiwe kwanza, lisiharakishwe kung'olewa.

(b) Mgonjwa amweleze daktari iwapo anavuta sigara, ana kisukari, amepata tiba ya mionzi ya taya au anatumia dawa za mifupa.

(c) Kabla ya kulipa, aulize msumari ni wa aina gani, atasubiri muda gani, na nani atamwangalia baadaye. Aweke kumbukumbu hizo kwa maandishi, kwani daktari mwingine atazihitaji.

(d) Apige mswaki kila siku, asafishe kandokando ya ufizi, na ahudhurie uchunguzi kama alivyopangiwa, hata kama hahisi maumivu yoyote.