Oili Inayovuja Kwenye Sili ya Kamshafti



Vyama vya msingi kadhaa vingali vinategemea pikapu za zamani kupeleka mbolea vijijini na kuleta mazao ghalani. Katika magari hayo umo ugonjwa ambao huanza kwa tone moja, na ukipuuzwa huweza kuiua injini katikati ya msimu wa ununuzi. Ni kuvuja kwa oili katika sili ya kamshafti. Tunaueleza hapa ili Katibu anapoletewa hati ya madai kutoka gereji ajue anacholipia.

Tuchukue mfano wa injini ya dizeli ya Toyota 2L, yenye silinda nne, iliyofungwa katika Hilux na Hiace nyingi. Kamshafti hukaa juu ya injini na kazi yake ni kufungua valvu. Ncha yake ya mbele hutokeza nje ili kushika puli inayozungushwa na mkanda wa taiming, ule wenye meno. Hapo inapotokeza ndipo ilipo sili: pete ya mpira yenye mdomo mwembamba, uliobanwa na springi ndogo. Baada ya joto la miaka mingi mpira huwa mgumu, na oili hupata upenyo.

Oili inayopotea si hasara kubwa, kwani huongezwa. Hatari iko kwenye mkanda. Mpira wa mkanda ukilowa oili huvimba na kulainika, meno hung'oka au huruka nafasi zake. Kamshafti ikisimama wakati pistoni zingali zikipanda, pistoni huzigonga valvu zilizobaki wazi. Chama kilichokataa kununua sili hujikuta kinatafuta silinda hedi.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisheni oili inatoka wapi. Gasketi ya kifuniko cha valvu nayo huvuja, na oili yake huteremka mahali pale pale. Osheni sehemu ya mbele ya injini, ikaushwe, kisha gari liungurume huku fundi akimulika kwa tochi. Oili ikianzia nyuma ya puli ya juu, ndani ya kifuniko cha mkanda, basi ni sili. Kagueni pia mpira wa kupumulia wa injini. Ukiziba, hewa hujaa ndani na kuisukuma oili nje, na hata sili mpya haitadumu. Wapo mafundi wanaopaka gundi ya gasketi kwa nje. Msilipe kazi hiyo. Gundi haishiki palipolowa oili, wala haizuii shafti inayozunguka.

Kazi yenyewe huanza kwa kufungua waya wa betri, kisha feni, mikanda ya nje na kifuniko. Injini izungushwe kwa spana mpaka pistoni ya kwanza ifike juu na alama za puli zilingane. Katika dizeli hii mkanda huohuo huzungusha pampu ya kusukuma dizeli, kwa hiyo alama ya pampu nayo itazamwe. Ndipo kikaza mkanda kilegezwe na mkanda utolewe. Bolti ya puli ya kamshafti ifunguliwe puli ikiwa imeshikwa kwa chombo chake. Mkanda usitumiwe kuishikilia.

Kutoa sili ya zamani kunahitaji subira kuliko nguvu. Bisibisi ifungwe kitambaa, kwani mkwaruzo mmoja juu ya shafti utavujisha oili daima. Mkishaitoa, pitisheni ukucha juu ya shafti. Ukucha ukikwama katika mfereji uliochimbwa na sili ya kwanza, sili mpya iketi mbele au nyuma kidogo ili mdomo wake uguse mahali palipo laini. Vipimo vya sili kwa kawaida huandikwa usoni pake kwa milimita. Pelekeni ile ya zamani dukani.

Sili mpya ipakwe oili mdomoni, upande wenye springi uelekee ndani ya injini, igongwe polepole kwa bomba lenye upana wa sili, iingie sawasawa pande zote. Mkanda uliolowa oili hauoshwi kwa petroli ukarudishwa, nunueni mpya. Tena, kwa injini hii mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ni busara kuikagua sili ya krankshafti wakati huohuo, maana gharama kubwa ni ya kufungua.

Mkanda ukishakazwa, injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krankshafti, na alama zote zilingane tena. Ikigota, isilazimishwe wala isiwashwe. Mkanda umekosea jino, uvuliwe upangwe upya.

Katibu adai sili na mkanda wa zamani pamoja na risiti za spea, na aandike katika daftari la gari tarehe na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Baada ya juma moja kifuniko kifunguliwe tena, fundi amulike nyuma ya puli.