Lori Linalotetemeka Katika Njia Kuu: Namna ya Kutafuta Kisa Chake

Katika mitaa ya Hurlingham, magharibi ya katikati ya jiji la Nairobi, majumba marefu ya kupanga yamejengwa kwa wingi mahali palipokuwa na nyumba za chini zenye bustani. Nondo na saruji za majumba hayo huletwa na malori. Chukua mfano wa dereva mmoja wa lori lenye tela, aliyekwisha kushusha nondo katika kiwanja cha huko wakati wa mvua. Alitoka pole pole kwa Barabara ya Argwings Kodhek, ambayo zamani iliitwa Hurlingham Road, na gari lilikuwa limetulia kabisa. Lakini alipoishika njia ya Mombasa, na mwendo ukapita kilometa 65 kwa saa, usukani ulianza kumtikisa mikono hata mabega. Alipopunguza mwendo, mtetemo ukakoma.

Aliporudi alimwarifu mwenye gari. Fundi akaitwa, akaliendesha lori mtaani, asione kosa lo lote. Mwenye gari akamdhania dereva kuwa mvivu anayetafuta sababu ya kukataa safari. Kumbe dereva hakusema uongo, wala fundi hakuwa mjinga. Gari lilijaribiwa mahali pasipofaa.

KWA NINI MJINI HAUONEKANI

Gurudumu lenye uzito zaidi upande mmoja huvuta kwenda nje kila linapozunguka, na nguvu hiyo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Udongo wa nusu kilo ulioganda ndani ya ringi ya lori huvuta kwa nguvu kama ya kilo 6 gari likienda kilometa 40 kwa saa. Likienda kilometa 80, ambao ndio mwisho wa mwendo unaoruhusiwa na sheria ya Kenya kwa malori makubwa ya mizigo, nguvu hiyo hufika kama kilo 25, nayo hupiga karibu mara 7 kwa kila sekunde. Tena springi na mwili wa gari hufanana na pembea: zikisukumwa kwa kipimo chao, hata msukumo mdogo huzitikisa sana. Ndiyo sababu mtetemo huweza kutokea katika mwendo fulani tu. Basi jaribio lifanyike katika mwendo ule ule uliolalamikiwa, kwenye barabara tambarare isiyo na msongamano.

MTETEMO UNAFUATA NINI?

Swali la kwanza ni hili: je, mtetemo unafuata injini au unafuata barabara? Dereva ashike mwendo ule ule, kisha abadilishe gia ili injini izunguke pole zaidi. Mtetemo ukibadilika au ukiisha, na utafutwe katika injini, mipira inayoishikilia, au klachi. Ukibaki vile vile, kosa li katika vitu vinavyozunguka pamoja na magurudumu. Dereva asiondoe gia kabisa penye mteremko kwa ajili ya jaribio, maana huko ni kuhatarisha roho za watu. Na kama mtetemo huja wakati wa kufunga breki tu, dramu za breki zitazamwe kwanza, kwani huenda si za mviringo tena.

Swali la pili ni mahali unaposikika. Usukani ukitikisika, shaka iwe juu ya magurudumu ya mbele na viungo vya usukani. Kiti na sakafu vikitikisika, zitazamwe ekseli za nyuma na propela. Gari likisukumwa mgongoni, itazamwe tela pamoja na sahani na pini zinazoiunga.

Swali la tatu ni wepesi wake. Mtetemo mzito, wa kupiga kama ngoma, aghalabu ni wa magurudumu. Mvumo mwepesi wa haraka huelekea kuwa wa propela, kwani hiyo huzunguka kwa kawaida mara tatu hadi tano kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Hapo zitazamwe krosi zake na beringi ya katikati.

KICHWA AU TELA?

Wengi hufungua tela, na mtetemo ukiisha huihukumu papo hapo. Yafaa kungoja. Kichwa kisicho na mzigo hukaa juu zaidi, na pembe za propela hubadilika. Ushahidi ulio bora ni kuunga tela nyingine iliyo nzima, kisha kuijaribu tela ya kwanza kwa kichwa kingine. Mtetemo utamfuata mwenyewe.

MACHO NA MIKONO KABLA YA FEDHA

Kabla ya kununua kitu, magurudumu yote yaoshwe, hata upande wa ndani. Tairi zikaguliwe: pengine ina uvimbe, au imelika mahali pamoja kwa sababu gurudumu lilikwama breki ilipofungwa. Kisha gurudumu liinuliwe na kutikiswa kwa mkono ili kujua kama beringi imelegea.

Zaidi ya yote, nati zitazamwe. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati, au tundu za ringi zilizopanuka, ni dalili kwamba gurudumu limelegea. Gari la namna hiyo lisiende hata hatua moja mpaka litengenezwe, kwa maana gurudumu la lori likichomoka katika mwendo huweza kumwua mtu aendaye zake kwa miguu. Na kila gurudumu lililofunguliwa, nati zake zikazwe tena kwa kipimo baada ya kilometa 80 hadi 160.

Katika mfano wetu, usukani ndio uliotikisika. Basi magurudumu ya mbele yaliangaliwa kwanza. Ndani ya ringi moja palikuwa na bonge la udongo mwekundu wa kiwanja cha Hurlingham, limekauka kama tofali. Lilibanduliwa, nati zikapimwa zikaonekana zimekaza, na lori likaenda Mombasa likiwa limetulia. Mwenye gari alikuwa tayari kununua tairi mpya na kumfukuza dereva wake, na yote mawili yangekuwa hasara bure.

Dalili ya mvua ni mawingu. Dereva anayesema kwamba gari linatetemeka asikizwe, aulizwe ni katika mwendo gani na ni mahali gani, kisha fundi apande naye mpaka njia kuu.