Mgonjwa akibadilika baada ya upasuaji, usisubiri kupambazuke

Tuseme mama amejifungua kwa upasuaji katika Hospitali ya Wilaya ya Mafia, Kilindoni. Saa nane usiku anahema harakaharaka, mikono imepoa, maneno yake hayaeleweki. Dada yake anayemuuguza anajiuliza: nimwite nesi, au tungoje asubuhi?

Amwite sasa hivi.

Wengi wetu hudhani mgonjwa akitoka salama chumba cha upasuaji, hatari imekwisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika, ulionyesha mambo ni tofauti. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alipata tatizo baada ya upasuaji. Wagonjwa 239 walifariki, na kati yao 225 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Yaani wengi walifia wodini, si mezani.

Mgonjwa anaweza kuvuja damu kwa ndani, kupata maambukizi, au damu kuganda na kuziba mshipa wa mapafu. Mara nyingi mwili hutoa ishara saa kadhaa kabla.

Dalili za kuita msaada mara moja

- Anahema kwa kasi au kwa shida. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika.
- Moyo unakwenda mbio, ngozi ni baridi na ina jasho.
- Amechanganyikiwa, au haamki vizuri.
- Damu inalowanisha bandeji au pedi mfululizo.
- Mkojo umepungua sana.
- Tumbo linajaa na maumivu yanazidi.

Hospitali hufanya nini?

Mwaka 1990 hospitali ya Liverpool mjini Sydney, Australia, iliunda kikosi cha dharura cha kwenda haraka kwa mgonjwa anayezidiwa wodini. Muuguzi aliruhusiwa kukiita mara vipimo vinapovuka kiwango, bila kungoja moyo usimame.

Hospitali ndogo inaweza kufuata wazo hilohilo bila kikosi maalumu: ijulikane nani anaitwa usiku, na oksijeni, dripu na dawa za dharura ziwe mahali pamoja. Kwanza huangaliwa njia ya hewa na pumzi, kisha mzunguko wa damu. Huenda akahitaji kuongezewa damu au kurudishwa kwenye upasuaji. Kumtazama tu hakutoshi: utafiti mwingine wa Afrika, wa mwaka 2021, uliona kuwa kuongeza uangalizi peke yake hakukupunguza vifo. Lazima kuwe na mtu wa kuchukua hatua, na vifaa.

Sisi tuna bahari

Rufaa kutoka Mafia ni kwa ndege hadi Dar es Salaam, au kwa chombo hadi Nyamisati. Upepo na giza vinaweza kuchelewesha safari, kwa hiyo uamuzi wa rufaa unahitaji kufanywa mapema. Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, namba 115 ya m-mama hupigwa bure kuomba usafiri wa dharura.

Ukisharuhusiwa kurudi nyumbani, iwe Bweni, Chole au Jibondo, endelea kujiangalia. Homa, usaha kwenye mshono, mguu mmoja kuvimba, kuhema kwa shida au damu nyingi ni sababu ya kurudi siku hiyohiyo. Kwa wa visiwani, panga chombo kabla jua halijazama.

Na wewe unayeuguza, huhitaji kujua jina la ugonjwa. Sema tu: "Nesi, mgonjwa wangu amebadilika, naomba uje umwone." Asipopata nafuu, mwite tena.