Gimbali Inawaka, Skrini Haiwaki: Anza na Kebo
Vijana wanaorekodi harusi na vikao vya ushirikishwaji wa umma wanajua hasara yake: bibi harusi haingii mara ya pili ili urekodi upya. Gimbali ikiwaka lakini skrini iliyofungwa juu yake ibaki giza, usikimbilie fundi. Badilisha kebo kwanza, kwani hukatika ndani inapopindwapindwa. Ikikataa, soma volti. Tundu la kawaida la USB hutoa volti 5, ilhali skrini nyingi za betri za NP-F huhitaji takriban 7.2, si mbovu, umeme ndio hautoshi. Kinyume chake ni hatari zaidi: D-Tap hutoa takriban volti 14.4, na kifaa cha volti 5 kikichomekwa humo bila kipunguza volti huweza kuungua. Jaribu vyote jioni ya kuamkia shughuli.