Gia Haivunjwi na Mbio

Gari la watalii likivunja shafti kreta, mtaani Karatu jibu huwa moja: "Dereva kakimbiza." Mimi ni wa hapahapa, na PT nimefanya kwenye gereji moja ya hapa mjini, kwa hiyo naomba nizitetee mbio kidogo. Gia haivunjwi na mbio. Inavunjwa na nguvu ya kusokota, hasa ikija kwa kishindo.

Hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Land Cruiser nyingi za safari zina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, yenye nguvu ya kusokota karibu nyutoni mita 285. Tuseme gia namba moja inaizidisha mara 4, fowili ndogo mara 2, difu mara 4. Jumla ni mara 32. Kwenye karatasi hiyo ni zaidi ya 9,000 kwenye ekseli, na gari linatambaa kama kobe! Ukiwa namba tano kwenye lami, shafti hizohizo karibu zimelala.

Sasa ongeza kishindo. Boti za mashindano zinakijua vizuri. Boti ikiruka wimbi, propela inatoka majini na kuzunguka ovyo kwa kukosa mzigo, kisha inarudi majini na meno ya gia yanapokea pigo lote. Ndiyo maana boti nyingi za mbio za baharini zina watu wawili: mmoja ameshika usukani, mwingine kazi yake ni mafuta, ayapunguze kabla boti haijatua. Kwenye tope la masika kreta ni yaleyale. Tairi linazunguka bure, ghafla linashika jiwe. Ila dereva wetu yuko peke yake, na abiria nyuma wanataka faru.

Hafu shafti ikikatika, usiitupe. Itazame. Ikiwa meno yake ya mwisho yamejipinda kama skrubu, ilizidiwa siku ileile. Lakini ikiwa sehemu kubwa ya uso ni laini, ina mistari kama mchanga wa ufukweni maji yakikupwa, na kipande kidogo tu ndicho kilichochanika kwa kukwaruza, basi ufa ulianza safari nyingi nyuma. Dereva wa siku hiyo ameukuta. Nimemwona mtu akikatwa mshahara kwa shafti ya namna hiyo, na hakuna aliyeinama kuiangalia.

Ufa huo unalishwa wapi? Mojawapo ni lami. Fowili ya magari haya haina difu ya katikati, kwa hiyo ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kwenda sawa, wakati kwenye kona matairi ya mbele husafiri njia ndefu zaidi. Kwenye vumbi yatateleza kidogo, yaishe. Kwenye lami hayatelezi, zinasokoteka shafti. Na ukitoka geti la Lodoare kuteremka Karatu, kona hazikosekani. Aliyesahau kutoa fowili anaisokota chuma mpaka mjini.

Hatari kubwa iko Seneto, barabara ya kushukia kreta, ambako ukingo na sakafu vimeachana mita 600 hivi. Hapo injini ndiyo inayolishikilia gari. Ukishuka bila fowili na hafu shafti moja ya nyuma ikakatika, difu ya kawaida inauachia mzunguko wote upande uliokatika. Injini haishiki kitu tena. Unabaki na breki za mguu, nazo zikipata moto zinalegea. Fowili ikiwepo, ekseli ya mbele bado inakushikilia.

Kwa magari yenye loki za mkono kwenye magurudumu ya mbele, shuka uzifunge ukiwa bado juu. Ukiziacha wazi, taa ya fowili itawaka vizuri tu kwenye dashibodi, lakini mbele hakuna kinachoshika, na zile 9,000 zote umeitwisha ekseli ya nyuma peke yake.